Usiitikise Kalamu Yangu

Juzi mwenzangu aliniomba kalamu asaini karatasi. Nikampa, shingo upande. Nibu, ile ncha ya chuma ya kalamu ya wino, ikagoma kwenye herufi ya kwanza. Bwana yule akaitikisa mara tatu, kwa nguvu, kama anakung'uta kandambili yenye mchanga. Wino ukarukia mkono wa shati langu. Akanirudishia na hukumu yake: "Ndiyo maana watu waliziacha hizi."

Waliziacha! Kama kalamu ndiyo iliyojitikisa.

Jamani, kalamu ya wino ni mambo ya hewa kwanza, wino baadaye. Kila wino unapotoka, lazima hewa iingie kushika nafasi yake. Isipoingia, wino unang'ang'ania ndani na nibu inakauka huku tumbo limejaa. Ikiingia ovyo, kupitia ufa mwembamba shingoni au katriji, kile kichupa cha wino cha ndani, isiyokaa sawasawa, wino nao unatoka ovyo. Mvumbuzi Lewis Waterman alipata hataza yake, yaani hati ya haki ya uvumbuzi, Marekani mwaka 1884 kwa jambo hilihili: vijia vyembamba kwenye ule ulimi ulio chini ya nibu, wino ushuke huku hewa ikipanda. 1884! Na mpaka leo tunatikisa.

Ndiyo maana kalamu hudondosha matone wino ukikaribia kwisha. Watu huitupa wakidhani ni mbovu. Si mbovu. Ndani kumejaa hewa, vidole vyako vina joto, hewa inatanuka na kuusukuma wino nje. Ijaze, utaona inavyotulia. Kwenye ndege ni vilevile: kadiri shinikizo la hewa linavyopungua, hewa ya ndani inatafuta pa kutokea. Ijaze pomoni au imwage kabisa, na nibu itazame juu.

Ikigoma, shuku uchafu kabla hujamshuku fundi. Maji ya kawaida, si ya moto, maana ya moto yanaweza kuupinda ulimi wa plastiki. Vuta, mwaga, vuta, mwaga, mpaka yatoke meupe. Yakikataa, tia tone moja la sabuni ya vyombo, kisha suuza. Na usikandamize! Unayatanua meno ya nibu, na wino hauna daraja la kuvukia.

Sijifanyi malaika. Niliwahi kujaza kalamu yangu wino wa kuchorea, kwa kuwa weusi wake ulinikosha roho. Wino ule una kitu kama vanishi, ukikauka umekauka. Siku tatu niliiloweka, na kila asubuhi glasi ilikuwa na kijiwingu cheusi kimetuama chini, nikajipa moyo kwamba leo ndiyo leo. Nibu ilipona. Ulimi nikauzika.

Sawa, bolpeni haidai lolote kati ya haya. Nakubali, tena nimechoka kuambiwa. Lakini kurasa mbili tu za bolpeni na kiganja changu kinaomba ruhusa ya ugonjwa.

Yule bwana alipoondoka, nililowesha ncha ya kitambaa, nikaigusisha kwenye nibu, nikahesabu hadi tano. Ikaandika jina langu lote bila kukatika. Wino ulikuwa umekauka mdomoni tu, kwa sababu nilikuwa nimeiacha bila kifuniko tangu asubuhi. Hilo sikumwambia.