Tume Bila Jela: Wafiwa Wanapata Nini?

Ukisimama ukingoni mwa mlima Newala asubuhi, ukungu ukishaondoka, unaliona bonde la Ruvuma na ng'ambo yake Msumbiji. Babu jirani yangu, korosho zake za kubangua zikiwa mbele yake, hunyoosha kisu kuelekea Mueda. Huko, tarehe 16 Juni 1960, askari wa Kireno waliwafyatulia risasi Wamakonde waliokusanyika kwenye ofisi ya mtawala. Frelimo, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, husema waliuawa watu wapatao 600. Wapo watafiti wanaotaja idadi ndogo zaidi. Babu hagombanii idadi. Anataka jina la shangazi yake lisomwe hadharani, na aliyetoa amri atajwe.

Ndiyo maana nimeyafuatilia ya Derry, Ireland ya Kaskazini. Tarehe 30 Januari 1972 wanajeshi wa Uingereza waliwapiga risasi waandamanaji. 13 walikufa siku hiyo, mwingine baadaye. Miezi mitatu haikuisha, Jaji Widgery, aliyepewa kazi ya kuchunguza, akawasafisha askari kwa sehemu kubwa na kuwaachia marehemu doa la kushukiwa silaha. Familia hazikukubali. Tume ya Jaji Saville iliundwa 1998 na ripoti yake ikatoka Juni 2010: hakuna aliyepigwa risasi akiwa tishio kwa maisha ya askari. Waziri Mkuu David Cameron akaomba radhi bungeni.

Wanaoipinga njia hii ya tume wana hoja nzito. Miaka 12, karibu pauni milioni 200, na hakuna aliyefungwa. Zaidi, mashahidi waliahidiwa kwamba watakayoyasema hayatatumika kuwashtaki wao wenyewe. Ukweli ulinunuliwa, na bei yake ikawa sehemu ya haki.

Mimi bado nipo upande wa tume. Mama aliyeambiwa mwanawe alikufa kama mhalifu hawezi kuomboleza mpaka doa lile lifutwe. Oktoba 2025 askari mmoja wa Derry aliyejulikana kama F, aliyeshtakiwa kwa mauaji ya siku ile, aliachiwa huru mahakamani Belfast, maana ushahidi uliotegemewa ulikuwa maelezo ya askari wenzake ya mwaka 1972: mmoja amekufa, mwingine amekataa kuzungumza. Kesi hiyo iliuawa na kuchelewa. Wachunguzi wangekuwa wa kweli mwaka uleule, tume na mahakama zingefanya kazi pamoja.

Babu alivuka Ruvuma akiwa kijana. Sasa amepita miaka 80. Wanaoikumbuka sura ya shangazi yule wamebaki wawili: yeye, na dada yake aliyeko Masasi.