Sponji au glavu: nani hasa anakwaruza rangi ya gari?

Mtu akiuliza tu aoshee nini gari ili asikwaruze rangi, watu wanagawanyika pande mbili papo hapo. Kuna wanaosema sponji tupa leo leo, chukua glavu ya maikrofaiba, kile kitambaa cha nyuzi nyembamba sana, la sivyo unaharibu gari mwenyewe kwa mkono wako. Na kuna wanaosema hizo ni kelele za wauza vifaa, wao wameoshea sponji miaka na miaka na gari bado linang'aa. Mi nimeosha kwa njia zote mbili na naona kila upande umeshika ukweli wake, ila wanachogombania sicho kinachokwaruza.

Kinachokwaruza ni mchanga. Sponji yenyewe ibonyeze uone, laini kabisa, haina ubavu wa kuchora rangi. Ila lile vumbi la barabarani lina chembe za mchanga, na mchanga mwingi ni kwatzi, madini ambayo kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs yapo 7 wakati chuma cha kisu cha kawaida kipo kama 5 na nusu hivi. Sasa linganisha na ile klia, yaani tabaka angavu linalopakwa juu ya rangi kuilinda, ambayo kwenye magari mengi ni kama maikroni 40 mpaka 50 tu, yaani nyembamba kuliko unywele wako. Chembe moja ikikandamizwa hapo na kuburuzwa toka taa ya mbele mpaka mlangoni inaacha mstari, iwe imeburuzwa na sponji, glavu au kiganja chako.

Kwa hiyo swali ni hili, ukipitisha kifaa chako ile chembe inaenda wapi? Na hapa nawapa haki watu wa glavu. Sponji ina uso bapa, chembe haina pa kuingia, inabaki katikati ya sponji na bodi na wewe unaendelea kusugua. Glavu ya manyoya marefu, iwe ya maikrofaiba au ya sufu ya kondoo, chembe inazama kwenye manyoya, inakaa mbali na rangi mpaka ukaisuuze. Haimaanishi haikwaruzi kabisa, ila inakusamehe makosa mengi ambayo sponji haisamehi.

Lakini watu wa sponji nao wana hoja na sipendi inavyopuuzwa. Mtu anayeanza kwa kumwagia gari maji mengi yenye presha, anapiga povu, anaacha tope lilainike lishuke lenyewe, halafu ndo anapitisha sponji safi bila kukandamiza huku akiisuuza kila baada ya kipande kidogo, huyo atakwaruza kidogo sana kuliko mwenye glavu ya bei aliyeichovya kwenye ndoo moja yenye maji meusi. Hili nimeliona kwangu. Glavu ilinidondoka pembeni ya tairi, nikaikung'uta mara mbili nikaendelea na boneti, gari lenyewe jeusi, na jioni nikamulika na tochi ya simu nikakuta mistari mitano sita imekaa sambamba, imepinda vilevile mkono wangu ulivyopinda. Nikaikamua ile glavu kwenye beseni jeupe, chini zikabaki punje nyeusi unazihisi kabisa ukizisaga kwa vidole. Iliniuma kwa kweli, maana kifaa nilikuwa nacho kizuri, uzembe ulikuwa wangu.

Ndo maana mtu akiwa na hela ya kitu kimoja tu namwambia anunue ndoo ya pili kabla ya glavu. Moja ya shampoo, nyingine ya kusuuzia, na rimu na matairi yawe na kitambaa chake kisichogusa bodi kamwe, kwa sababu vumbi la breki lina vipande vya chuma. Brashi ya nywele ngumu ibaki huko huko kwenye matairi, hapo sina cha kupima pande mbili. Na kwenye kukausha ndo wengi wanaharibu kazi waliyoifanya vizuri, anachukua fulana kuukuu yenye mshono mgumu anasugua kwa nguvu wakati chini ya milango bado kuna uchafu. Taulo nene la maikrofaiba unalilaza juu, linanyonya maji, unalinyanyua, basi.

Kuna hoja nyingine ya kwamba gari ni la kazi, mikwaruzo midogo inadhuru nini? Kiukweli ile mistari ya kama utando wa buibui haifiki kwenye bati, kwa hiyo hailetei gari kutu, na mwenye gari jeupe anaweza asiione kabisa. Mtu akisema hajali muonekano simbishii. Ninachombishia ni anayesema nitapiga polishi itaisha, kwa sababu polishi inaondoa mikwaruzo kwa kula klia, na klia haioti tena. Ukila leo, ukala mwakani, na katikati unaendelea kuosha vilevile, utafika mahali fundi anapima anakwambia hapa hakuna cha kuondoa tena, ni kupiga rangi upya.

Sikuhizi naosha na glavu mbili, moja ya paa, vioo na boneti, nyingine ya sehemu za chini ambako tope limejaa. Zikitoka hapo nazifua peke yake, siweki dawa ya kulainisha nguo kwa sababu inaziba nyuzi za maikrofaiba, na ikidondoka chini haigusi tena gari siku hiyo hata kama imebaki kona moja tu, hiyo kona naimalizia kwa maji ya mpira.