Kabureta haikushindwa, ilitolewa

Ukitaja kabureta, kile kifaa cha zamani cha kuchanganya petroli na hewa, kwenye gereji za Gerezani, Dar es Salaam, vijana wanacheka. Hiyo ni ya mashine ya kukoboa, wanasema. Gari la mbio ni injekta, zinazopuliza petroli kwa amri ya kompyuta, na laptopu. Wakitaka kukumaliza kabisa wanakutajia Pro Stock, daraja la mbio fupi za kunyooka za Marekani: mwaka 2016 NHRA, chama kinachosimamia mbio hizo, iliziondoa kabureta, magari yote yakafungwa injekta.

Sawa, ziliondolewa. Lakini hadi 2015 magari yale yalikuwa yanakata mita 402 kwa sekunde 6.5 hivi, kabureta mbili juu ya injini. Na injekta hazikuja peke yake: sheria zilezile za 2016 zilileta ukomo wa mizunguko ya injini, 10,500 kwa dakika. Ukilinganisha muda wa kabla na wa baada, unapima injekta au unapima ukomo? Nimeuliza sana. Najibiwa kwa kicheko kilekile.

Kabureta inamwaga petroli mbali na vali, hivyo inageuka mvuke njiani na kuipoza hewa, na hewa baridi ni nzito, hivyo injini inavuta nyingi zaidi. Injekta iliyokaa mlangoni mwa vali haipati nafasi hiyo. Tena kwenye mbio hizi mguu umekanyaga mpaka chini mwanzo hadi mwisho. Ustadi wa injekta kwenye foleni ya Ubungo hauna kazi hapo.

Kinachoitesa kabureta ni joto letu. Hewa ya mchana, nyuzi 32, ni nyepesi kuliko ya alfajiri ya nyuzi 24 kwa karibu asilimia 2.6. Injekta yenye sensa inajirekebisha. Kwenye kabureta unafungua bakuli linalotunza petroli, unabadili jeti, vile vitundu vya kupimia petroli, mikono inanuka. Na gari likichomoka kwa nguvu, mafuta yanakimbilia nyuma ya bakuli. Hilo silibishi.

Ila jeti zinamfundisha fundi kusoma plagi, yaani kuujua mchanganyiko kwa rangi yake. Majuzi laptopu ya kijana mmoja ilionyesha 12.8, yaani sehemu 12.8 za hewa kwa moja ya mafuta, mchanganyiko safi kabisa, na bado gari linamisi. Mzee wa gereji akachomoa plagi nne, akazipanga juu ya gazeti. Tatu kahawia, sawasawa; moja nyeupe kama chokaa, dalili ya petroli kidogo. Sensa imekaa kwenye ekzosi, panapokutana moshi wa silinda zote, kwa hiyo inasoma wastani tu.

Injekta ya tatu ilikuwa imeziba nusu.