Deni Ninalikiri, Gharama za Kulidai Sizikubali

Barua ya madai niliyoletewa mwezi uliopita ilikuwa na mistari mitano ya hesabu, na ni miwili tu kati yake iliyonihusu. Ninaishi pembezoni mwa Nzuguni, hapa Dodoma, mahali ambapo majirani wengi bado tunavutiwa maji kutoka kisima cha mtu binafsi: ana pampu, tangi na mita ndogo kwa kila nyumba, na kila mwisho wa mwezi tunalipa shilingi 3,500 kwa uniti, yaani lita 1,000. Maji yenyewe yana chumvichumvi, lakini yanafika hadi jikoni, na sina ugomvi nayo. Kwa miezi mitatu sikulipa. Nilikuwa nimetumia uniti 18, kwa hiyo deni lilifika shilingi 63,000, na kosa la kuchelewa ni langu.

Aliyeileta barua hiyo hakuwa mwenye kisima. Alikuwa kijana mmoja nadhifu, mwenye mkoba na kitabu cha kusaini, aliyenisalimu "Shikamoo mama" kwa adabu kamili kabla ya kunieleza kwamba ofisi yao imepewa kazi ya kukusanya madeni ya maji ya mtaa mzima. Chini ya deni la shilingi 63,000 na adhabu ya kuchelewa ya asilimia 10, ambayo ni shilingi 6,300, waliongeza shilingi 30,000 za kufungua faili, shilingi 45,000 za ziara tatu za ufuatiliaji, na shilingi 20,000 za kuandika barua ile ile niliyokuwa nimeishika. Jumla ilikuwa shilingi 164,300. Nilimwuliza hizo ziara tatu zilifanyika lini, kwa sababu ndiyo kwanza nilikuwa ninamwona.

"Mama, huo ndio utaratibu wa ofisi," akanijibu. "Na si unajua dawa ya deni ni kulipa?"

Ninajua, mwanangu. Lakini hata dawa ina kipimo chake.

Hoja yangu ni kwamba deni na gharama ya kulifuatilia ni vitu viwili tofauti, na anayevijumlisha kwenye mstari mmoja wa mwisho anatarajia kwamba aibu ya kile cha kwanza itakufanya usikihoji cha pili. Mtu anayedaiwa kwa haki huona haya kubishana. Jirani yangu mmoja, mama anayekaanga maandazi, alilipa zaidi ya mara mbili ya deni lake siku hiyo hiyo kwa sababu aliambiwa kwamba jokofu lake lingechukuliwa. Wale wakopeshaji tuliowabatiza jina la kausha damu hutumia mbinu hiyo hiyo, tofauti ni kwamba mkopeshaji alikupa fedha mkononi, ilhali hapa tunazungumzia maji ya kupikia ugali.

Jioni ile nilitoa kwenye kabati mkataba wetu wa maji, karatasi moja iliyoandikwa kwa Kiswahili na kusainiwa na pande mbili. Mkataba huo unasema kwamba atakayechelewa atalipa nyongeza ya asilimia 10, na kwamba baada ya siku 30 mwenye kisima anaweza kumkatia maji. Hakuna neno faili wala neno ziara. Kama angeamua kunikatia maji, nisingekuwa na la kusema. Badala yake aliajiri watu, nao wakaamua wenyewe kwamba mshahara wao niulipe mimi.

Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haiko kimya juu ya mambo haya. Kifungu cha 73 kinamfidia aliyevunjiwa mkataba kwa hasara inayotokana na kuvunjwa huko kwa kawaida ya mambo, au ile ambayo pande zote mbili zilijua tangu mwanzo kwamba ingeweza kutokea. Kifungu cha 74 kinakwenda mbali zaidi: hata pale mkataba wenyewe unapotaja kiasi cha adhabu, anayedai anastahili fidia ya kiasi kinachofaa ambayo haizidi kiasi hicho kilichotajwa, na si lazima apewe chote. Sasa, ikiwa adhabu iliyoandikwa na kusainiwa inaweza kupunguzwa kwa kipimo cha kufaa, ni kwa msingi gani adhabu isiyoandikwa popote idaiwe yote? Wakala naye anasimama mahali pa aliyemtuma. Mwenye kisima hakuwa na haki ya kunitoza shilingi 20,000 kwa kuniandikia barua, na hawezi kumkabidhi wakala haki ambayo yeye mwenyewe hana.

Kuhusu jokofu la jirani yangu, ofisi ya kukusanya madeni haina mamlaka ya kuingia ndani ya nyumba ya mtu na kubeba mali kwa sababu ya ankara. Mali hukamatwa kwa amri ya mahakama, na anayetumwa kuitekeleza ni dalali wa mahakama mwenye hati mkononi.

Ninamwelewa mwenye kisima. Pampu yake hula umeme wa LUKU, ambao lazima aulipie kabla ya tone la kwanza kupanda kwenye tangi, na wadaiwa sugu mtaani kwetu wapo, wengine wana magari. Lakini wanaohudumiwa na mamlaka za maji hutozwa bei ambazo EWURA, mamlaka ya serikali inayodhibiti huduma za nishati na maji, imeziidhinisha, na mteja asiyeridhika na majibu ya mamlaka yake anaweza kupeleka malalamiko huko huko EWURA, ambayo makao yake makuu yapo hapa hapa Dodoma. Sisi wa kisima cha jirani kinga yetu ya kwanza ni ile karatasi ya kabatini, na ninashangaa ni wangapi kati yetu wanaojua walikoiweka.

Siku iliyofuata nililipa shilingi 69,300, deni pamoja na nyongeza yake, moja kwa moja kwenye namba ya simu ya mwenye kisima, na wala sikusubiri hadi ubishi uishe. Kisha nikampelekea barua katika nakala mbili, nikitaja miezi ninayoilipia na kueleza kwamba shilingi 95,000 zilizobaki ninazipinga hadi nioneshwe kifungu nilichokisaini. Kutaja malipo ni ya deni lipi ni jambo la muhimu sana, kwa sababu sheria hiyo hiyo inampa mdaiwa haki ya kulitaja, na mpokeaji akiyapokea ameyapokea kwa deni hilo. Usipolitaja, fedha zako zinaweza kumezwa na faili na ziara, na uniti zako zikabaki zinadaiwa vile vile. Mwenye kisima alisaini nakala yangu bila kinyongo. Nadhani alikuwa haijui hata ile hesabu ya mawakala wake.

Wiki iliyopita yule kijana alirudi, na shikamoo yake ilikuwa ile ile. Barua mpya ilikuwa ya shilingi 110,000: zile 95,000, pamoja na 15,000 za ziara ya kuniletea barua hiyo, ingawa bodaboda kutoka mjini hadi kwangu hailipwi hata robo ya fedha hizo. Aliponipa kitabu chake nilisaini, na chini ya saini nikaandika kwa herufi kubwa: NIMEPOKEA, SIJAKUBALI. Alisoma, akanitazama, akauliza kama kuna maji ya kunywa.