Hatua saba zina uzito kuliko kumtoa binti

Katika harusi ya Wahindu kuna tendo moja ambalo likikosekana, ndoa yenyewe inaweza isiwepo. Kuna na jingine ambalo likiachwa, ndoa haipungui hata chembe. Inasikitisha kuona la pili ndilo linalopewa muda, machozi na kamera, ilhali la kwanza linapitishwa mbiombio wageni wakiwa wameshainuka kutafuta sahani. La kwanza ni saptapadi, yaani hatua saba. La pili ni kanyadani, baba kumtoa binti kwa bwana harusi kama sadaka.

Sheria ya Ndoa za Kihindu ya India ya mwaka 1955, kifungu cha 7, inasema kwamba pale saptapadi inapokuwa sehemu ya ibada, ndoa hukamilika na kuwafunga wawili hao hatua ya saba inapokanyagwa. Wabunge hawakulitoa jambo hilo hewani. Manu, mtunga sheria wa kale wa Kihindu, sura ya 8, aya ya 227, ameshasema kuwa wenye elimu wajue mantra za ndoa, yaani maneno matakatifu yanayosomwa, hutimia katika hatua ya saba. Mwaka 2024 Mahakama Kuu ya Allahabad ilieleza kuwa kanyadani si sharti la ndoa chini ya sheria hiyo. Mwaka huohuo Mahakama ya Juu ya India ilikataa kuitambua ndoa ya wawili waliokuwa na cheti mkononi lakini hawakufanya ibada yoyote.

Kinachofanyika ni hiki. Vichungu saba vya mchele, yaani mafungu madogo, hupangwa mstari mmoja kutoka kwenye moto kuelekea kaskazini au kaskazini-mashariki. Familia nyingi za Kigujarati huweka popoo saba. Bibi na bwana harusi husogea pamoja, mguu wa kulia ukitangulia na wa kushoto ukifuata bila kuupita. Hatua ya kwanza ni kwa ajili ya chakula, ya pili nguvu, ya tatu kukua kwa mali, ya nne raha, ya tano watoto, ya sita majira ya mwaka. Ya saba ina neno moja, sakha, rafiki. Kisha husimama hapohapo, vichwa vikasogezwa karibu na kunyunyiziwa maji.

Neno hilo la saba halikuwekwa kwa bahati. Panini, mwanasarufi wa kale, ana kanuni nzima ya neno linalotokana na "hatua saba" lenye maana ya urafiki. Katika Mahabharata, utenzi mkuu wa kale wa India, mke aitwaye Savitri anamfuata Yama, mungu wa mauti, aliyeichukua roho ya mumewe. Anamwambia wenye hekima husema urafiki ni wa hatua saba, na kwa urafiki huo anaomba asikilizwe. Anasikilizwa, na mumewe anarudishiwa uhai. Maandiko yenyewe, basi, yamekifunga kifundo cha ndoa kwenye urafiki wa watu wawili wanaotembea sambamba. Mwenye kutaka mageuzi ana msingi humo humo ndani.

Makosa ni yaleyale. Kubwa ni kuchanganya hatua saba na phera, yaani kuuzunguka moto. Phera huwa nne kwa Wagujarati na saba katika sehemu kubwa ya kaskazini mwa India, na hiyo saba ndiyo inayowapoteza watu: wanamaliza mizunguko wakidhani saptapadi imekwisha, kumbe haijaanza. Kosa la pili ni kutenganisha vichungu mno. Nguo za wawili hao zimefungwa fundo, na bibi harusi amebeba kilo kadhaa za sari na vito. Nafasi ya futi moja hivi yatosha. La tatu ni bibi harusi kugusa peke yake kwa kidole cha mguu huku bwana amesimama anatazama. Sheria imesema pamoja, na maana nayo inadai pamoja.

Kuna la nne, nalo limo ndani ya maandiko. Katika mwongozo wa Ashvalayana, kitabu cha kale cha ibada za nyumbani, bwana ndiye anayesema, na katika kila hatua anamwambia bibi: ushike nadhiri yangu, unifuate. Sioni haja ya kulificha wala kulifuta. Lisemwe na wote wawili, kila mmoja kwa mwenzake, na hatua hazibadiliki hata moja.

Kanyadani ina tatizo zito zaidi. Kitu kilichotolewa sadaka hakirudi, na binti anayeteswa kwa wakwe huambiwa hivyohivyo: ulishatolewa, vumilia. Tena katika sheria za kale sadaka haitimii bila dakshina, yaani zawadi inayoandamana nayo. Hapo ndipo wengi walipopata kisingizio cha kudai mali kutoka kwa wazazi wa binti. Ni kinyume cha mahari yetu, maana mali inatoka upande wa mwanamke. India iliipiga marufuku desturi hiyo ya kudai mali mwaka 1961, na bado mabinti wanaumia kwa ajili yake. Familia ya binti inayotaka kushiriki ina nafasi nyingine zenye heshima: kaka wa bibi harusi humimina mpunga uliokaangwa mikononi mwa dada yake ili autie motoni, na hakuna anayetolewa hapo.

Huku kwetu kuna kipengele ambacho hakiwezekani kabisa kama kilivyoandikwa: kumwonyesha bibi harusi Dhruva, Nyota ya Kaskazini. Dar es Salaam iko kusini mwa ikweta, nyota hiyo iko chini ya upeo wa macho mwaka mzima. Mapandita, yaani makuhani wa Kihindu, huelekeza kidole kaskazini, nayo inatosha. Kama ibada inaweza kuikosa nyota ikabaki ibada, inaweza kumkosa baba anayemtoa binti.

Mnaopanga harusi, zungumzeni na pandita wiki kadhaa kabla. Mwombeni atenge dakika kumi na tano za saptapadi peke yake, asome mantra ya kila hatua kisha maana yake kwa lugha ambayo bibi na bwana wanaielewa, na asitaje hatua inayofuata mpaka wote wawili wamesimama.