Barua ya Baiskeli Iliyoibwa

Baiskeli yangu haikupatikana. Naanza na hilo ili mtu asije akasema nimekuja kuwasifia polisi wa Uingereza. Iliibwa usiku, nje ya nyumba ninayopanga hapa Leeds, ikaenda na kufuli lake, nami nikaripoti kwa simu nikiwa kwenye basi kuelekea kazini. Baada ya siku sita ikaja barua. Ilikuwa na nambari ya kesi, jina la ofisa, na maelezo mafupi kwamba wameuliza majirani, wametazama kamera, hawana wa kumshuku, na kwa hivyo faili linafungwa. Wakanipa pole.

Nikampigia mama nikamsomea. Alicheka hadi akakohoa. "Yaani wamenunua stempu ili wakuambie wameshindwa?"

Ndiyo, Mama. Na hicho ndicho kilichonikaa rohoni wiki nzima. Wameshindwa, wakaandika kwamba wameshindwa, wakatia tarehe na jina la aliyeshindwa.

Nawasikia mnavyosonya huko nyumbani. Huyu naye, juzi tu tulimchangia nauli, leo anatusomea. Kweli mlinichangia, na daftari la mchango ninalo hadi leo, hata yule aliyeahidi elfu tano akatoa mia nne namkumbuka. Lakini nimekulia Nairobi, na nina haki ya kuuliza swali moja kuhusu Kware.

Tarehe 12 Julai 2024 miili ya wanawake ilianza kutolewa kwenye machimbo yaliyojaa taka pale Kware, Mukuru kwa Njenga, imefungwa ndani ya magunia. Walioshuka kwenye maji yale na kamba walikuwa vijana wa mtaa. Kutoka pale hadi kituo cha polisi cha Kware haifiki mita 100. Siku tatu baadaye makachero wakatangaza wamemnasa mtu na kwamba amekiri kuua wanawake 42 tangu 2022. Wakili wake akasema aliteswa ili akiri. Kisha tarehe 20 Agosti, kabla kesi haijafika popote, mshukiwa akatoroka kituo cha Gigiri pamoja na raia 12 wa Eritrea. Gigiri! Kwenye balozi na Umoja wa Mataifa, mahali ambapo ukiinama kufunga kamba ya kiatu askari anakuuliza unamsubiri nani.

Swali langu halihusu kutoroka. Nauliza kuhusu ile 42. Iwe ilikuwa kweli au ilitoka kwa kipigo, njia ya kujua ilikuwa moja tu, kufungua daftari. Wanawake waliopotea tangu 2022, waliripotiwa na nani, siku gani, kituo kipi, nani alifuatilia. Kama madaftari yale yangekuwa na maneno ndani, ingechukua alasiri moja.

Lakini madaftari yetu tunayajua. Binamu yangu alipopotea, kabla sijasafiri, nilimsindikiza shangazi kituoni. Afande hakuinua kichwa. "Ana miaka mingapi? Ishirini na tatu? Mama, huyo yuko kwa mwanaume, atarudi pesa ikiisha." Shangazi akasema, afande, tuandikie tu kwa OB, lile daftari la matukio la kituo. Kalamu, akasema, haina wino. Nikatoka nikanunua kalamu dukani. Binamu tulimpata wenyewe siku ya nne, amelazwa hospitali, simu imeibwa. Tulishukuru Mungu tukanyamaza. Mpaka leo nikisoma habari za Kware najiuliza ni mama wangapi waliambiwa yuko kwa mwanaume.

Sasa kuna mjuaji anayengoja niseme huku mambo ni tofauti ili anirushie historia. Usijisumbue, nairusha mwenyewe, maana naishi Chapeltown, mtaa wa Leeds.

Kati ya 1975 na 1980 Peter Sutcliffe aliua wanawake 13 huku Yorkshire na kule Manchester. Wa kwanza alikutwa kwenye viwanja vya michezo nisivyo mbali navyo. Wa mwisho aliuawa Headingley, mtaa wa wanafunzi. Polisi walimhoji mara tisa. Mara tisa, na kila mara wakaandika! Kadi zilijaa kituo cha Millgarth hadi inasimuliwa kwamba sakafu ilibidi iimarishwe, ila kadi moja haikujua nyingine inasema nini. Halafu 1979 ikaletwa kanda ya sauti ya mtu mwenye lafudhi ya Sunderland, mji wa mbali kaskazini-mashariki, akijidai ndiye muuaji. Wakubwa wakaiamini, na Sutcliffe, mtu wa Bradford hapa jirani, akapita katikati yao. Aliyemaliza mambo ni askari wa doria wa Sheffield, Januari 1981. Walisimamisha gari lenye nambari bandia, na mmoja wao kesho yake akakumbuka kwamba jamaa aliomba kwenda haja. Akarudi pale, akakuta nyundo na kisu.

Na wale wanawake waliouawa? Polisi waliwagawa, makahaba upande mmoja, "wasio na hatia" upande mwingine. Wanawake wa Leeds waliambiwa wasitoke usiku. Novemba 1977 wakatoka kwa maandamano. Wetu walitoka Januari 2024 kupinga mauaji ya wanawake, wakajaza barabara za Nairobi mchana kweupe, na kusema ukweli siku ile hakuna mtu Leeds angeniambia kitu kuhusu Wakenya.

Kwa hivyo sisemi polisi wa huku wana akili kuliko wa kwetu. Ninachosema ni kwamba kazi ilipoisha, mtu aliketi akaandika jinsi walivyomkosa mara zote hizo. Ripoti ya 1981 ya Byford, mkaguzi wa polisi, serikali iliifungia kabatini, ikatolewa kwa umma 2006, lakini ilikuwepo ya kutolewa. Kutokana na aibu ya kadi zile wakaunda mfumo wa kompyuta, HOLMES, wa kuunganisha taarifa za kesi kubwa. Mwaka 2020 polisi wa West Yorkshire wakaziomba familia radhi kwa lugha waliyotumia kuwahusu marehemu. Wamechelewa, naam. Watoto wa wale mama wameshakuwa wazee.

Kwetu dawa ni uhamisho. Maofisa wa Kware walihamishwa. Wa Gigiri wanane walisimamishwa kazi, sawa, lakini aliyehamishwa ameenda na kalamu yake isiyo na wino kwenye kituo cha mtu mwingine.

"Basi ungebaki utengeneze." Nilibaki miaka thelathini na moja, ndugu yangu. Nilinunua kalamu.

Jumapili nilimuuliza shangazi kama bado anayo nambari ya OB ya siku ile. Akaanza kucheka kabla sijamaliza. Hakukuwa na karatasi, akanikumbusha. Afande alimwandikia kiganjani kwa kalamu ile ile niliyonunua. Akarudi nyumbani, wageni wakaja kumpa pole, akawapikia, akaosha vyombo.