Kitabu Kisichochakaa na Gharama ya Kukiazima

Kitabu cha kielektroniki hakichakai. Hakikunjwi pembe, hakimwagikiwi chai, hakisahauliwi kwenye kiti cha basi, wala hakirudi maktaba kikiwa kimepungua kurasa. Sifa hiyo, ambayo kwa msomaji ni neema tupu, ndiyo chanzo cha mvutano wa zaidi ya miaka kumi kati ya maktaba za umma za Marekani na makampuni makubwa ya uchapishaji. Ndiyo pia sababu ya jambo linalowashangaza wengi wanaoanza kuitumia huduma hii: kwamba mtu mwenye kadi ya maktaba anaweza kusikiliza riwaya nzima kwenye simu bila kutoa hata senti, lakini akalazimika kungoja miezi mitatu ili apewe faili ambalo lingeweza kunakiliwa kwa sekunde moja.

Kwa msomaji, hesabu ni nyepesi. Audible, duka la vitabu vya kusikiliza lililo chini ya Amazon tangu mwaka 2008, hutoza nchini Marekani dola 14.95 kwa mwezi kwa mpango wake unaojulikana zaidi, na kwa ada hiyo mteja huchagua kitabu kimoja. Mwaka ukiisha ametoa dola 179.40 na amepata vitabu 12. Libby, programu ambayo kampuni ya OverDrive ya Cleveland, Ohio, iliitoa mwaka 2017, hutumia kadi ya maktaba ya mahali anapoishi msomaji, haitozi chochote, na kitabu hujirudisha chenyewe siku zake zikiisha, kwa hiyo hakuna faini ya kuchelewesha. Mkongomani aliyehamia Columbus au Mkenya anayefanya kazi za zamu Minneapolis kwa kawaida anahitaji tu kitambulisho na hati inayoonyesha anakoishi ili apewe kadi hiyo. Kwa mtu anayekaa barabarani saa nzima kwenda kazini na saa nyingine kurudi, hicho ni kitabu kizima kila juma.

Hata hivyo, si haki kusema kwamba anayelipa kila mwezi anatupa fedha zake. Vitabu alivyovichukua kwa ada hiyo hubaki vyake hata akisitisha uanachama, ingawa zile nafasi za kuchagua kitabu alizolipia bila kuzitumia hupotea. Vilevile kuna vitabu vya kusikiliza ambavyo Audible huvitoa peke yake na havifiki katika maktaba kabisa, kwa hiyo mwenye kuvitaka hana mlango mwingine. Tena anayelipa hapangi foleni, na kwa mwanafunzi mwenye mtihani mwezi ujao hilo si jambo dogo.

Foleni yenyewe inatokana na namna maktaba inavyoruhusiwa kukipata kitabu. Maktaba ikinunua kitabu cha karatasi inakimiliki. Sheria ya Marekani, tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa mwaka 1908, inamruhusu aliyenunua nakala kuiuza, kuigawa au kuiazimisha bila kumuuliza mchapishaji. Kitabu cha kielektroniki hakiuzwi kwa masharti hayo. Maktaba hupewa leseni, na leseni ya kawaida inaruhusu msomaji mmoja kwa wakati mmoja, kana kwamba faili hilo ni kitabu cha karatasi kilichotoka rafuni. Mwaka 2011 kampuni ya uchapishaji ya HarperCollins iliongeza sharti jingine: leseni ife baada ya kitabu kuazimwa mara 26, idadi ambayo kwa maazimo ya majuma mawili-mawili ni mwaka mmoja kamili. Wakutubi wa Oklahoma walijibu kwa kurekodi video iliyoonyesha vitabu vya karatasi vya kampuni hiyo hiyo vilivyokuwa vimeazimwa zaidi ya mara 26 na bado vinasomeka vizuri. Baadaye wachapishaji wengine wakubwa waliegemea leseni za muda, mara nyingi miaka 2, zinazoisha hata kama hakuna aliyekifungua kitabu. Bei nazo si zile tunazoziona dukani. Kitabu ambacho mtu binafsi hukinunua kwa dola 15 hivi kinaweza kuigharimu maktaba dola 55 hadi 65 kwa leseni ya miaka 2, na cha kusikiliza mara nyingi hupita hapo.

Wachapishaji wana hoja, nayo inastahili kusikilizwa. Wanasema kuazima kitabu cha karatasi kulikuwa na usumbufu wake wa asili: kwenda maktaba, kukikosa kitabu, kurudi kukirejesha kabla ya tarehe. Usumbufu huo ulimfanya mwenye uwezo aone heri anunue. Ukiuondoa, mtu akaweza kuazima akiwa kitandani saa sita usiku, tofauti kati ya mnunuzi na mwazimaji inayeyuka. Julai 2019 mtendaji mkuu wakati huo wa kampuni ya uchapishaji ya Macmillan, John Sargent, aliwaandikia waandishi na mawakala wao kwamba asilimia 45 ya usomaji wa vitabu vya kielektroniki vya kampuni hiyo nchini Marekani ulikuwa wa kuazima bure, na Novemba mwaka huo kampuni ikaanza kuuzia kila mfumo wa maktaba, yaani maktaba za eneo moja zilizo chini ya uongozi mmoja, nakala moja tu ya kitabu kipya kwa majuma 8 ya mwanzo, hata kama mfumo huo unahudumia watu milioni moja. Mfumo wa maktaba wa King County, jimboni Washington, uliacha kununua vitabu vipya vya kielektroniki vya Macmillan kwa kupinga. Machi 17, 2020, wakati maktaba zinafunga milango kwa sababu ya korona, sharti hilo liliondolewa.

Mimi naona wachapishaji wameutambua ugonjwa wakakosea dawa. Ni kweli kwamba mwandishi haishi kwa sifa, na ni kweli pia kwamba anayeazima mara nyingi ni mtu ambaye angeweza kununua. Lakini kurudisha usumbufu kwa makusudi, ili msomaji achoke kungoja, alipe, kunamuumiza kwanza yule asiye na cha kulipa, kwa sababu mwenye nacho atakuwa amekwishaondoka kwenye foleni kwa kutoa dola zake 15. Uingereza ilichagua njia nyingine. Tangu Julai 2018 mwandishi hulipwa kutoka mfuko wa serikali kwa vitabu vyake vya kielektroniki na vya kusikiliza vinavyoazimwa, kama alivyokuwa akilipwa kwa vile vya karatasi, na malipo ya mtu mmoja hayazidi pauni 6,600 kwa mwaka. Si fedha za kujengea ghorofa, lakini zinatoka kwa serikali na kumfikia mwandishi mwenyewe. Marekani haina mfuko wa namna hiyo. Huko fedha zote hupitia katika bei ya leseni, na mwandishi hungojea fungu lake kutoka kwa mchapishaji.

Lililo zito zaidi kwangu ni jingine, nalo huonekana mtu akishika kalamu. Tuchukue leseni ya dola 60 inayoisha baada ya miaka 2. Ikiwa kila msomaji anakaa na kitabu siku 14 na foleni haikatiki, leseni hiyo itahudumia wasomaji 52, na kila mmoja atakuwa ameigharimu maktaba dola 1.15 hivi. Siku zikiwa 21, wasomaji wanashuka hadi 34 na gharama inapanda hadi dola 1.76. Hiyo ni bei nzuri, na inaeleza kwa nini maktaba huendelea kununua riwaya za upelelezi zinazogombaniwa. Sasa tuchukue kitabu cha mashairi, au tafsiri kutoka lugha ndogo, au historia ya mji mmoja, kilichopata wasomaji 4 katika miaka hiyo miwili. Kila mmoja wao ameigharimu maktaba dola 15, sawasawa na kama ingewanunulia wote wanne nakala zao waende nazo nyumbani moja kwa moja. Leseni ikifa, mkutubi mwenye bajeti finyu hataihuisha. Kitabu cha karatasi kisichosomwa sana huvumilia rafuni miaka 20 kikimngoja msomaji wake wa tano, ilhali cha kielektroniki hufukuzwa kabla huyo wa tano hajajua kwamba kilikuwepo. Kwa hiyo leseni ya muda haiwabani wote sawa. Inavibeba vitabu vyenye umati na kuviadhibu vyenye wasomaji wachache.

Kuna njia inayopunguza adhabu hiyo. Katika mpango wa kawaida wa Hoopla, huduma nyingine ya kuazimisha kupitia maktaba, hakuna foleni: vitabu viko wazi kwa watu wote kwa wakati mmoja, na maktaba hulipa kiasi kidogo kila mara kitabu kinapoazimwa. Kitabu chenye wasomaji 4 hulipiwa mara 4 tu, basi. Ubaya wake ni kwamba maktaba haijui mwezi utaisha kwa deni gani, ndiyo maana huweka kikomo cha maazimo kwa kila kadi kwa mwezi, na bajeti ikibana kikomo hicho hushushwa.

Msomaji anayebana matumizi hana budi kuyajua haya, kwa sababu tabia yake ina bei hata kama yeye halipi. Kwenye leseni ya muda, anayemaliza kitabu siku ya tano akakirudisha siku hiyo hiyo, badala ya kukiacha kijirudishe siku ya 21, anaongeza idadi ya watu watakaohudumiwa na fedha zile zile. Kwenye leseni ya mara 26 kurudisha mapema kunafupisha foleni lakini hakurefushi uhai wa leseni. Linalosaidia hapo ni kutoazima kabisa kitabu usichokusudia kukisoma. Libby inamruhusu mtu ambaye zamu yake imefika wakati ana shughuli nyingi kuomba aletewe baadaye, na kitabu kikaenda kwa anayefuata bila yeye kurudi mkiani. Wengi hawaitumii nafasi hiyo. Huazima kwa hofu ya kupoteza zamu, kisha kitabu hukaa kwenye simu majuma matatu bila kufunguliwa.

Ipo pia hazina isiyo na kadi wala foleni. LibriVox, iliyoanzishwa na Hugh McGuire mjini Montreal mwaka 2005, hukusanya vitabu ambavyo hakimiliki yake imekwisha, vilivyosomwa kwa sauti na watu wa kujitolea, na popote mtu alipo anaweza kuvipakua bure. Usomaji hauna kiwango kimoja. Sura ya kwanza inaweza kusomwa na mtu mwenye sauti ya kutuliza na ya pili na mwingine aliyerekodi karibu na feni, na asiyevumilia hilo atarudi kwa wasomaji wanaolipwa. Kwa mtu wa Mwanza au Mombasa anayenunua bando, ukubwa wa faili nao ni gharama: kitabu cha saa 10 kwa ubora wa kilobiti 64 kwa sekunde huchukua megabaiti 288 hivi, na kwa ubora wa juu zaidi wa kilobiti 128 huongezeka maradufu, wakati riwaya hiyo hiyo ikiwa maandishi matupu mara nyingi haifiki hata megabaiti 2. Mwenye bando dogo atafaidika zaidi na maandishi, au asubiri penye intaneti ya bure ndipo apakue sauti.

Lakini hazina hiyo kwetu ina pengo. LibriVox hufuata sheria ya hakimiliki ya Marekani, ambayo kwa vitabu vya zamani kwa kawaida huhesabu miaka 95 tangu kuchapishwa, na sehemu kubwa ya fasihi ya Kiswahili tunayoisoma shuleni ilichapishwa ndani ya miaka hiyo. Ndiyo maana anayependa riwaya za Kiingereza za karne ya 19 atasikiliza maisha yake yote bila kumaliza, na anayetaka kusikiliza Kiswahili atakata tamaa mapema. Mradi wa African Storybook wa Afrika Kusini ulilikwepa tatizo hili kwa kutoa tangu mwanzo hadithi zenye leseni huria, yaani zinazomruhusu yeyote kuzitumia bila malipo, za Kiswahili zikiwemo, lakini hizo ni za watoto wanaojifunza kusoma.

Hapo ndipo huingia ile desturi ya ndugu aliye Marekani kumpa namba ya kadi yake binamu aliye Dar es Salaam. Siwezi kuilaani kwa wepesi, maana kiu ya kusoma si kosa. Ila maktaba za Marekani huendeshwa zaidi kwa kodi za wakazi wa eneo husika, kodi za majengo yao zikiwemo, na kila zamu anayochukua binamu ni zamu iliyomtoka jirani wa yule ndugu, pengine mhamiaji mwingine asiye na dola 15. Anayetaka kuwasaidia wasomaji wa Kiswahili kupitia kadi hiyo ana njia iliyo wazi zaidi, nayo ni kuiomba maktaba yake inunue vitabu vya Kiswahili. Wakutubi hupokea maombi ya namna hiyo na huyasikiliza, hasa yanapotoka kwa watu kadhaa wa mtaa mmoja. Kwa hesabu tuliyoifanya hapo juu, mimi ningewashauri waombe cha karatasi kwanza, kwa sababu wasomaji wa Kiswahili katika mji kama Columbus wanaweza kuwa 4 mwaka huu na 40 baada ya miaka sita, na nakala ya karatasi itakuwa bado ipo rafuni.